Kiboko si Mlezi



Dominika chache zilizopita, baada ya Misa ya pili, wazazi wa chama chetu tulibaki kanisani kuzungumza juu ya vijana wa Kasenga. Yaliyosemwa yalikuwa ya kweli na ya kuhuzunisha: wavulana wanaolewa kando ya ziwa kabla ya jua kuchwa, wasichana wanaoacha shule, watoto wanaowajibu wazazi wao kwa maneno ambayo sisi tusingethubutu hata kuyafikiri mbele ya baba zetu. Kisha mmoja wetu, mtu mwema na mwenye bidii katika Shirika lake, akasimama na kutoa pendekezo. Tuwaandikie walimu wa shule zetu barua, alisema, tuwaombe waturudishie fimbo. Na kila baba airudishe nyumbani mwake, kwa maana nchi hii iliharibika siku ile kiboko kilipotundikwa ukutani. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akaongeza methali, kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na makofi yakazidi.

Mimi nilinyamaza. Sikunyamaza kwa hekima bali kwa woga, kwa sababu si rahisi kusimama mbele ya watu unaowaheshimu na kuwaambia kwamba wamekosea. Barua ile bado haijaandikwa. Naandika ukurasa huu ili isiandikwe.

Naanza kwa kukubali yanayopaswa kukubaliwa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na hakuna aliyepiga makofi siku ile kwa kuwachukia watoto. Tulipiga makofi kwa sababu tumechoka na tunaogopa. Katika mji huu tumeona vita vikienda na kurudi. Tumeona mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kuchukua nyumba na watu. Tumeona maji ya ziwa yakipanda hadi milangoni. Mzazi aliyeshindwa kuizuia bunduki, kuuzuia mto na kulizuia ziwa hutafuta kitu kimoja ambacho bado kiko chini ya uwezo wake, na mara nyingi kitu hicho ni mgongo wa mtoto wake. Naielewa hali hiyo. Lakini kuielewa si kuibariki.

Hoja ya kwanza iliyotolewa ni kwamba fimbo ni mila yetu, na kwamba wanaoipinga wamemeza mawazo ya wageni. Basi tuitazame mila hiyo. Kila mtu wa Uvira anamjua kiboko. Tunamwona majini, tunakuta nyayo zake asubuhi katika mashamba yaliyo karibu na Ruzizi, na wavuvi wetu wanamwogopa kuliko dhoruba. Jina lake ndilo jina la mjeledi uliokatwa katika ngozi yake. Ni nani aliyeutembeza mjeledi huo katika nchi hii, na juu ya mgongo wa nani? Waliutumia wenye misafara ya watumwa katika nyakati za Rumaliza wa Ujiji, aliyeutawala upande huu wa kaskazini wa ziwa kwa nguvu ya bunduki. Waliutumia maofisa wa Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II, kuanzia 1885 hadi 1908, juu ya wapagazi, askari na watu waliolazimishwa kuleta mpira. Ubelgiji ilipoichukua nchi, mjeledi haukuondoka; uliendelea kuhesabiwa juu ya migongo ya wafungwa na askari hata miaka michache kabla ya uhuru. Migongo hiyo ilikuwa ya babu zetu.

Kanisa letu linamkumbuka mmoja wa watu hao kwa jina. Mwenye heri Isidori Bakanja alikuwa kijana mfanyakazi, aliyebatizwa mwaka 1906. Msimamizi Mbelgiji wa shamba alimwamuru aitupe skapulari yake. Alipokataa, alipigwa kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari, hata mgongo wake ukawa kidonda kimoja kisichopona. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909, akiwa amemsamehe aliyempiga. Mwaka 1994 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri. Tunaiheshimu picha yake, tunawapa watoto wetu jina lake. Kisha tunakishika kile kile kilichomwua na kukiita urithi wa wazee.

Sisemi kwamba zamani hakuna mzazi aliyemgusa mwanawe kwa mkono. Nasema kwamba si mkono huo uliofanya watu kuwa watu. Wazee wetu walikuwa na moto wa jioni, hadithi na vitendawili. Walikuwa na shangazi, mjomba na bibi, ambao kila mmoja alikuwa na neno lake la kumwambia mtoto na wakati wake wa kulisema. Kwa Warega na kwa jirani zetu Wabembe palikuwa na bwami, ambamo hata mtu mzima alipanda daraja kwa kujifunza polepole maana ya methali na ya sanamu ndogo za mbao na za pembe. Huko kiburi kiliponywa kwa methali, na uchoyo ulioneshwa kwa sanamu. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni iliivunja bwami kwa amri. Tazameni basi mzaha wa historia: mkoloni alitunyang'anya shule ya methali akatuachia mjeledi, nasi leo tunausahau ule urithi tulionyang'anywa, tunautetea ule tulioachiwa.

Tena, wanaopenda kutukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi wasisahau kwamba tunaishi kando ya ziwa na tunajua jinsi samaki anavyokunjwa. Hukunjwa kwa vidole, taratibu, na mtu anayemtazama asije akapasuka. Anayempiga samaki mbichi kwa fimbo hapati samaki aliyekunjwa. Anapata nyama iliyopondeka.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, kwa kuwa ni ya Maandiko. Ni kweli kwamba Kitabu cha Methali na kile cha Yoshua bin Sira husema juu ya fimbo na juu ya baba anayempenda mwanawe. Ni kweli pia kwamba Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2223, inayataja maneno ya bin Sira. Sitaki kuyaficha hayo. Lakini someni namba hiyo yote. Kabla ya kumfikia bin Sira, inawaambia wazazi kwamba watawaongoza na kuwarekebisha watoto wao vizuri zaidi kama wanajua kukiri makosa yao wenyewe mbele yao. Na baada ya bin Sira inamleta Mtume Paulo, anayewaagiza akina baba wasiwachokoze watoto wao. Kwa Wakolosai Mtume anataja na sababu: wasije watoto wakakata tamaa. Tunaishika sentensi moja ya katikati na kuziruka zile mbili zinazoizunguka. Je, huko ndiko kuyatii mafundisho ya Kanisa?

Agano la Kale lina pia, katika Kumbukumbu la Sheria, agizo kwamba mwana mkaidi asiyewasikia wazazi apelekwe langoni pa mji akapigwe mawe hadi kufa. Siku ile hakuna aliyependekeza tuandike barua ya kuomba hilo. Kwa nini? Kwa sababu sisi ni Wakristu, na tunalisoma Agano la Kale kwa mwanga wa Yezu Kristu. Basi tuushike mwanga huo hata tunapofika kwenye fimbo. Yezu alimweka mtoto katikati ya mitume akawafundisha watu wazima kwa kumtazama yeye. Katika mfano wa mwana mpotevu, baba anatoka mbio kumlaki mwanawe, na mikononi hana kitu.

Na kuna tukio moja katika Injili ya Luka ambalo kila mzazi wa Kasenga angelisoma tena usiku huu. Mtoto wa miaka kumi na miwili anabaki Yerusalemu bila kuaga. Wazazi wake wanamtafuta siku tatu kwa uchungu mkubwa. Wanapomkuta hekaluni, mama yake anafanya nini? Anamwuliza swali, na anamwambia wazi jinsi yeye na baba yake walivyoumia. Mtoto anajibu, na jibu lake hawalielewi. Hata hivyo hakuna anayepigwa. Mama anayaweka yote moyoni mwake, na mtoto anarudi nao Nazareti, anawatii, anakua katika hekima na kimo. Familia Takatifu, ambayo picha yake imo katika nyumba zetu nyingi, ililipita jaribio hilo kwa swali, kwa ukweli na kwa subira. Sisi tungekuwa tumeshachuma ufito kabla ya kufika mlangoni pa hekalu.

Mtu ataniambia kwamba Baba Mtakatifu Fransisko mwenyewe, mwezi wa Februari 2015, alimsimulia kwa sifa baba mmoja aliyekiri kwamba mara nyingine huwapiga watoto wake kidogo, kamwe si usoni, ili asiwadhalilishe. Ndiyo, alisimulia hivyo, na maneno yake yalizua ubishi mwingi. Lakini alichokisifu ni kwamba baba yule alijali heshima ya mtoto. Mwaka uliofuata, katika waraka wa Amoris Laetitia, ambao sura yake ya saba yote inahusu malezi, aliwaonya wazazi kwamba kumchunga mtoto kila hatua si kumlea. Swali kubwa, alifundisha, si mahali ulipo mwili wa mtoto. Ni mahali ulipo moyo wake, anachokiamini na anachokitamani. Fimbo inaweza kuuleta mwili nyumbani kabla ya saa kumi na mbili jioni. Moyo hauletwi na fimbo.

Hoja ya tatu ndiyo inayopendwa kuliko zote: mimi nilipigwa, na tazama, nimekuwa mtu. Ndugu yangu, hata walionusurika mafuriko ya 2020 wamejenga tena na wanaishi. Je, tumwombe Mungu aufurishe Mulongwe kila mwaka ili watoto wetu wakomae? Mtu huweza kuwa mwema licha ya jambo fulani, si kwa sababu yake. Tena ni nani kati yetu aliyekwisha kuuliza kwa unyofu alichopoteza? Wengi wetu tuliwaheshimu baba zetu hadi tukawazika, na hatukuwahi kuzungumza nao hata jioni moja.

Na hapa sina budi kujitaja, kwa kuwa sipendi kuhubiri kama mtu asiye na kosa. Miaka kadhaa iliyopita mwanangu wa pili, akiwa na miaka kumi na miwili, alipoteza pesa ya shule ya dada yake. Nilimchapa bila kumwuliza lolote. Alilia mwanzoni, kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kukanikasirisha zaidi. Usiku ule hakulala nyumbani. Nilimkuta alfajiri kando ya ziwa, amejikunja ndani ya mtumbwi katikati ya nyavu za ndagala. Aliponiona hakukimbia. Aliinua mikono akakinga kichwa. Baada ya miezi mingi nilijua kutoka kwa mama yake mkubwa kwamba pesa ile alinyang'anywa njiani na vijana wakubwa waliompiga, naye akaona aibu kuyasema. Alikuwa amepigwa mara mbili katika siku moja kwa kosa lisilo lake. Na kati ya waliompiga, aliyemwogopa zaidi ni mimi.

Tangu siku hiyo nimefahamu kile ambacho kiboko hufundisha. Hakimfundishi mtoto kuchukia kosa. Kinamfundisha kuchukia kukamatwa. Kinamfanya awe watu wawili: mmoja wa nyumbani, mnyamavu na mwenye adabu, na mwingine wa barabarani, ambaye mzazi hamjui. Siku mtoto wa barabarani anapopatwa na hatari, mtoto wa nyumbani hawezi kuisema. Hivyo fimbo humnyima mzazi kitu anachokihitaji kuliko vyote, yaani habari za mtoto wake mwenyewe.

Elimu ya watu wa sayansi inalithibitisha hilo. Katika miaka ya 1960 Diana Baumrind, mwanasaikolojia wa Berkeley huko Marekani, alitofautisha namna tatu za malezi: ile ya amri bila maelezo, ile ya kumwachia mtoto afanye apendavyo, na ile inayounganisha upendo, sheria zilizo wazi na mazungumzo. Watafiti wengine waliongeza mwaka 1983 namna ya nne, ya mzazi asiyejishughulisha na mtoto kabisa. Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na mwenzake walikusanya tafiti za miaka hamsini, zilizohusu watoto zaidi ya 160,000, na wakaona kwamba kuchapa hakuambatani na utii wala adabu, bali na ukali zaidi, matatizo zaidi ya moyo, na uhusiano mbaya zaidi na wazazi. Mtu anaweza kusema kwamba watoto wakaidi ndio wanaochapwa zaidi. Na iwe hivyo. Bado yafaa tujiulize ni dawa gani hii ambayo, kadiri inavyotolewa, ndivyo ugonjwa unavyoonekana zaidi.

Nafika kwenye neno lililorudiwa mara nyingi siku ile: utii. Tunataka watoto watiifu. Watii nani? Nawaomba tufikiri vizuri, kwa maana katika nchi hii swali hilo limelipiwa kwa damu. Mtoto aliyezoezwa kumtii mwenye fimbo, kwa sababu tu ana fimbo, atamtii mwenye bunduki kwa sababu iyo hiyo. Mwezi wa Oktoba 1996 vita vilipoushika mji wetu, wavulana walichukuliwa, na wengine wakajipeleka. Tukawaita kadogo, na wakatembea kwa miguu na bunduki zilizowazidi urefu hadi Kinshasa, walikofika Mei 1997. Tangu hapo vikundi vya milimani havijakosa watoto. Sisemi kwamba fimbo za nyumbani ndizo zilizoleta vita. Umaskini, siasa na tamaa ya watu wakubwa vimo. Nasema kwamba kamanda anayemwambia mtoto usiulize, tii, hakumkuta akiwa mgeni wa somo hilo. Sisi tulikuwa tumekwisha kulianza.

Watakatifu wetu walilelewa kwa somo jingine. Watoto wa parokia zetu wanavaa skafu za Kizito-Anuarite. Kizito alikuwa mtoto wa miaka kama kumi na minne katika jumba la mfalme Mwanga wa Buganda, mahali ambapo neno la mfalme lilikuwa sheria. Kama angefundishwa utii peke yake, angemtii mfalme, na leo tusingelijua jina lake. Karoli Lwanga alimfundisha kutofautisha amri na amri, akambatiza, na tarehe 3 Juni 1886 wakachomwa moto Namugongo. Pamoja nao alikuwa Mbaga Tuzinde, aliyelelewa na mkuu wa wauaji wenyewe. Mlezi wake alimsihi aikane imani, akatumia upendo wote na uwezo wote aliokuwa nao, na kijana akakataa. Mungu hakumwumba mtoto awe mwangwi wa sauti ya baba yake. Alimpa dhamiri.

Paulo VI aliwatangaza mashahidi hao kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Wiki sita hazikutimia, tarehe 28 Novemba, damu ikamwagika katika jimbo letu la Uvira: mapadri Luigi Carrara na Giovanni Didonè, na bruda Vittorio Faccin, Wasaveri, pamoja na Abbé Albert Joubert, wakauawa huko Baraka na Fizi. Tarehe 18 Agosti 2024 tuliimba hapa Uvira Kardinali Fridolin Ambongo alipowatangaza wenye heri. Abbé Joubert alikuwa mwana wa baba Mfaransa na mama Mwafrika, mtu aliyebeba mataifa mawili katika damu moja, na akachagua kuwa padri wa watu wa huku. Waliowaua nao walikuwa na mama zao. Katika makundi ya waasi wale walikuwemo vijana wengi sana. Tunapoomba neema ya kuwa wazazi wa mashahidi, tusisahau kwamba nyumba zilizozaa wauaji zilikuwa nyumba kama zetu.

Hii ndiyo maana ya malezi: mtoto hupokea kutoka kwetu jibu la swali la yeye ni nani. Tunapomwita mjinga kila siku, analipokea jina hilo. Tunapomwambia kando ya moto kwamba watu wa kabila fulani ni nyoka, na mtoto wa nyoka ni nyoka, tunampa utambulisho uliojengwa juu ya chuki, na siku moja mtu mwingine atampa bunduki ya kuukamilisha. Na lipo jina baya kuliko yote, mchawi. Katika mji huu mtoto yatima, mtoto anayekojoa kitandani, mtoto wa mke wa kwanza, anapelekwa katika chumba cha maombi. Anafungwa, ananyimwa chakula, anapigwa ili akiri. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kuwatesa watoto na kuwashitaki kwa uchawi. Sheria ya 10 Januari 2009 inamwekea mwenye kushitaki hivyo adhabu ya kifungo. Lakini ni nani kati yetu aliyekwenda kugonga mlango wa jirani? Mtu anayeamini kwamba uovu hutolewa mtoto kwa mapigo ameshapanda ngazi ya kwanza inayoelekea chumba kile. Ngazi ni ile ile. Wengine tumesimama chini, wengine wamefika juu.

Wala asinielewe mtu vibaya. Sitetei malezi ya kuachia. Baba aliyekwenda machimboni kutafuta dhahabu na kutuma pesa bila kutuma neno, mama anayemnyamazisha mtoto kwa simu, mzazi anayeogopa kusema hapana kwa sababu hataki kuchukiwa, hao nao wanamnyima mtoto mlezi. Mtoto asiye na mpaka huogopa kama mtoto aliye ndani ya ukuta, na barabara haichelewi kumwekea mipaka yake. Methali ile ya yule mama ina ukweli wake: tusiogope machozi ya mtoto anaponyimwa kisichofaa. Lakini kuvumilia machozi yake ni jambo moja, na kuyasababisha kwa mjeledi ni jambo jingine. Adhabu ipo na lazima iwepo. Aliyeiba arudishe, aliyevunja atengeneze, aliyetukana aende kwa aliyemtukana akaombe msamaha, na mzazi afuatane naye. Adhabu ya namna hiyo ni ndefu na inachosha, kwa sababu inamlazimu mzazi kuwepo. Fimbo inapendwa kwa kuwa ni fupi.

Basi badala ya barua ile, napendekeza tuandike nyingine, na tuianze kwa majina yetu wenyewe. Tuahidi kwamba hakuna mtoto katika nyumba zetu atakayeadhibiwa kabla ya kuulizwa na kusikilizwa. Tuahidi kwamba kila Shirika, walau mara moja kwa mwezi, litaketi jioni moja pamoja na watoto, wazee wakisimulia hadithi na methali zao katika lugha zao, za Wavira, za Wafuliru, za Wabembe na za wengine wote tunaosali pamoja, ili mtoto ajue kwake bila kumdharau wa kwao mwenzake. Tuahidi kwamba hakuna mwanachama atakayempeleka mtoto kupimwa uchawi, na kwamba tukisikia mtoto wa jirani amefungwa, tutakwenda wawili wawili kugonga mlango, na ikibidi tutaifikisha habari kwa wenye mamlaka. Na mzazi aliyekosa akiri mbele ya mtoto wake. Mimi nilifanya hivyo, kwa kuchelewa. Nilidhani nitapungukiwa heshima. Mwanangu alinitazama kwa muda, kisha, kwa mara ya kwanza, akanisimulia siku ile ilivyokuwa.

Tarehe 2 Februari 2023, katika uwanja wa Mashahidi huko Kinshasa, Baba Mtakatifu Fransisko aliwaomba vijana wa Kongo waitazame mikono yao, akawapa somo kwa kila kidole: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha na huduma. Aliyasema kwa vijana, lakini sisi wazazi ndio tunaohitaji kuitazama mikono yetu. Ni mikono iliyowashika watoto hawa siku ya ubatizo, iliyowatia ishara ya msalaba kwenye paji la uso. Mtoto anapouona mkono huo ukiinuka, yafaa ajue kwamba unakuja kumbariki.

Barua ya fimbo siwezi kuitia sahihi. Hii nyingine nimeitia ya kwanza, na nimeacha nafasi chini yake kwa ajili yenu.